Kungoja Nako ni Vita: Washairi wa Mahandaki na Wakosoaji Wao

Mwaka 1936 mshairi wa Ireland, W. B. Yeats, alihariri mkusanyo mkubwa wa mashairi ya Kiingereza ya zama zake uliochapishwa na Oxford, na akamwacha nje Wilfred Owen, mshairi na afisa wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, pamoja na mashairi mengi yaliyotungwa mahandakini. Sababu aliitoa mwenyewe katika utangulizi: mateso ya mtu anayeteseka tu bila kutenda si mada ya ushairi. Owen hakuwa na njia ya kujibu. Aliuawa tarehe 4 Novemba 1918 kwenye mfereji wa Sambre–Oise, kaskazini mwa Ufaransa, akiwa na miaka 25. Wiki moja baadaye vita vikasimamishwa.

Hukumu ile ingali hai, ila siku hizi wanaoitoa ni wanahistoria. Wanasema washairi wa mahandaki walikuwa wachache, wengi wao maofisa vijana waliosoma, na sisi tumewaachia watusimulie vita vizima. Askari wa Uingereza hakukaa handakini mwaka mzima. Kikosi kilikuwa mstari wa mbele siku chache, kikarudishwa kwenye akiba, kisha kikaenda mapumzikoni. Kulikuwa na mpira, nyimbo, mizaha, chai na sigara. Jeshi lilijifunza kutokana na makosa yake, na mwaka 1918 likashinda. Isitoshe, Owen alipata umaarufu mkubwa hasa miaka ya 1960, mikononi mwa kizazi kilichoishi chini ya tishio la bomu la nyuklia na kilichokuwa tayari kumsikiliza.

Hayo ni kweli, na hatuna budi kuyakubali. Anayetaka kujua kwa nini Ujerumani ilishindwa asiende kwa Owen. Lakini shairi halikuandikwa kueleza nani alishinda na kwa mbinu gani. Liliandikwa kueleza mwili wa mtu ulipitia nini, na hapo ndipo wakosoaji wanapowaonea washairi hawa.

Kuna takwimu moja wanayoipenda. Mwaka 1978 mtafiti Catherine Reilly alichapisha orodha ya Waingereza waliotunga na kuchapisha mashairi kuhusu vita vile. Aliwapata 2,225. Wanawake hawakupungua 532. Waliovaa sare walikuwa 417. Basi, wanauliza wakosoaji, hao sita au saba mnaowafundisha shuleni wanamwakilisha nani?

Mimi kila nikizitazama namba hizi naona jambo jingine kabisa. Toa 417 katika 2,225, wanabaki 1,808. Hao ni zaidi ya wanne katika kila watano, na hawakuvaa sare. Wako waliolilia wana na waume zao, na maombolezo yao ni ya kweli. Lakini wako pia waliotumia kalamu kuwasukuma vijana wa wenzao waende. Rasimu za mwanzo za shairi la Owen kuhusu gesi ya sumu zilimlenga mmoja wao, Jessie Pope, ambaye mashairi yake ya kuwahimiza vijana yalichapishwa katika gazeti la Daily Mail. Hata Rupert Brooke, aliyependwa kuliko wote mwanzoni mwa vita, alikufa Aprili 1915 kwa sumu ya damu akiwa melini, kabla hajayajua mahandaki ya Ufaransa. Kwa hiyo namba hizi zinatuonyesha ni nani alikuwa na sauti wakati vita vinaendelea. Sauti hiyo haikuwa ya Owen, ambaye alipokufa alikuwa amechapisha mashairi machache sana. Na tangu lini mashahidi 1,808 ambao hawakuwapo wakamshinda mmoja aliyekuwapo?

Nakiri kwamba hata kati ya wale 417 walikuwamo walioviona vita kuwa fahari. Julian Grenfell, afisa wa wapanda farasi, mwaka 1915 alitunga shairi la kuyafurahia mapigano, na haukupita muda akafa kwa jeraha. Shairi lake nalo lisomwe. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba Owen alikaa akalia tu.

Tuchukue tukio moja. Januari 1917 Owen na askari 25 walibanana katika shimo lililochimbwa kati ya majeshi mawili, maji yakiwafika miguuni hadi magotini, makombora yakianguka juu yao kwa saa zipatazo hamsini. Alimsimulia mama yake katika barua ya tarehe 16 mwezi huo: kulikuwa na askari wa zamu aliyerushwa na mlipuko, na alihofu kwamba kijana yule amepofuka. Shairi la tukio hilo, "The Sentry", alilianza hospitalini mwaka ule ule na kulimaliza Septemba 1918, amekwisha kurudi vitani. Ndani yake kijana anaburutwa kutoka kwenye tope akilia kwamba haoni. Owen anamsogezea mshumaa kwenye kope na kumwambia kwamba akiona hata ukungu wa mwanga, basi hajapofuka. Kijana anajibu kwamba haoni. Afisa afanye nini? Anamwacha. Inabidi atume mtu wa kuomba machela na mwingine wa kushika zamu iliyobaki wazi, na katika hekaheka hiyo anamsahau. Baadaye kidogo, katika giza, kijana anapaza sauti kwamba anaiona mishumaa yao. Mishumaa ilikuwa imekwisha kuzimika.

Yeats angesema hakuna anayetenda hapa. Mimi naona afisa anayefanya kazi yake sawasawa, na kazi hiyo ndiyo inayomlazimu kumpa mgongo kijana aliyepofuka. Nidhamu ambayo wanahistoria wanasema washairi waliisahau imo humu, na inauma kuliko mlipuko wenyewe.

Tena Owen huyu huyu alipata nishani ya ushujaa kwa mapigano ya Oktoba 1918, alipoitumia dhidi ya Wajerumani bunduki yao ya rashasha iliyotekwa. Hakuwa mtu wa kuteseka bila kutenda.

Kuhusu kungoja, "Exposure" ni shairi la Owen kuhusu watu waliolala katika theluji wakingoja, na beti zake kadhaa zinaishia kwa kusema kwamba hakuna kinachotokea. Sisi tuliolelewa na vina na mizani tunaijua raha ya kina kinapotua mahali pake. Owen anatunyima raha hiyo. Konsonanti anaziacha zifanane, irabu anazibadilisha, kama vile sikio lililotegwa kwa "pata" lipewe "pita". Ubeti baada ya ubeti unangoja kitu ambacho hakifiki, na ndivyo ilivyokuwa mle handakini. Tarehe 1 Julai 1916 kule Somme, Ufaransa, imeandikwa kila mahali kwa sababu Waingereza 57,470 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea siku hiyo moja. Siku ambayo mtu aliganda tu kwa baridi haina hesabu kama hiyo, nayo ilikuwa sehemu ya vita.

Wanaosema hizo ni hisia za maofisa waliodekezwa wamsome Isaac Rosenberg, mtoto wa wahamiaji maskini wa mashariki ya London, askari wa kawaida aliyeuawa tarehe 1 Aprili 1918. Aliandika juu ya chawa, na juu ya panya aliyeugusa mkono wa Mwingereza na ambaye punde ataugusa wa Mjerumani. Wamsome na Giuseppe Ungaretti, Mwitaliano mzaliwa wa Alexandria, naye askari wa kawaida. Desemba 1915, kwenye milima ya Carso, alilala usiku mzima kando ya maiti ya mwenzake, meno yamekenuliwa kuuelekea mwezi mpevu, huku yeye akiandika barua zilizojaa mapenzi. Anasema hajapata kuung'ang'ania uhai kiasi kile. Jeshi jingine, lugha nyingine, wala hakuwa afisa.

Kasoro ninayoiona mimi iko upande mwingine kabisa. Vita hivi vilipiganwa pia Tanga, Rufiji na Mahiwa, na wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Nairobi inawasifu kuwa miguu na mikono ya jeshi, maneno mazuri ambayo hayatuambii mpagazi aliugua vipi wala alizikwa wapi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Wanaodai kwamba mateso ya vita vile yameandikwa kupita kiasi wanazungumzia handaki la Ufaransa peke yake. Kijana aliyepofuka mbele ya Owen ameandikiwa shairi linalosomwa hadi leo. Mpagazi aliyekufa kwa kuhara njiani, hata jina lake halikuandikwa.