Mlima Elgon Agosti: Tufunge Njia au Tuweke Saa?

Shule zikifungwa Agosti, vijana kutoka Kisumu, Eldoret na Nakuru huelekea Kitale, kisha Endebess hadi lango la Chorlim la Hifadhi ya Mlima Elgon, na swali linazuka upya: je, njia ya kupanda kilele cha Koitobos ifungwe hadi mvua ipungue?

Wanaotaka ifungwe hawabahatishi. Huku magharibi masika hayaishi Mei kama Nairobi. Mvua huendelea hadi Septemba, na Agosti Kitale hulowa kwelikweli. Jua la asubuhi hupasha miteremko joto, hewa yenye unyevu wa Ziwa Victoria hupanda na kukutana na upepo wa mashariki, na kufikia saa nane mchana wingu lililokuwa jeupe limekuwa jeusi. Ukishauvuka msitu, huna pa kujificha: ni nyasi, mawe na mimea ya lobelia. Radi si lazima ikupige utosini. Ikipiga jirani, umeme husambaa ardhini na kupanda miguuni. Ukiona nywele zinasimama au fimbo ya chuma inavuma, umechelewa. Na wasiopigwa hupatwa na baridi. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo aliyetoka Kisumu na koti jepesi, mvua ya mawe ikimlowesha, huanza kutetemeka, vidole vinakataa kufunga zipu, ulimi unakuwa mzito.

Kuna hoja nyingine isiyotajwa sana, nami naiona nzito kuliko zote: matope. Barabara ikiwa kavu, gari imara hukufikisha juu ya mita 3,000 asubuhi mapema. Ikilowa, gari hukwama chini, kundi huanza kutembea saa nne, na kilele wanakifikia saa ileile ya ngurumo.

Hata hivyo, siungi mkono kufunga. Aprili nayo ina radi, na sijasikia anayetaka Pasaka ifungwe. Asubuhi nyingi za Agosti huwa safi. Wanafunzi na walimu huwa likizoni mwezi huo, na waongozaji na wapagazi wa Endebess wanategemea msimu huohuo kulipa karo.

Ninachotaka kifungwe ni saa. Miezi ya mvua, ifikapo saa sita mchana kila mtu awe anashuka, hata kama kilele kimebaki hatua mia. Gari likikwama na muda ukapita, safari iishie msituni. Hata kabla ya saa sita, umeme ukimulika hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, na zikiwa chini ya 30, geuzeni.

Wapinzani watasema saa kama hiyo haitafuatwa, na hapo wana haki. Mwongozaji hukabiliana na watu waliosafiri usiku kucha, wanaomwambia “bado kidogo tu”, huku akijua akiwarudisha huenda wakamkata malipo. Kumwachia yeye peke yake uamuzi huo ni kumwonea. Ndiyo maana naona malipo yake yote yawekwe langoni kabla ya kupanda, na yawe yake hata kundi likigeuzwa njiani.