Tofali ndo mwenye nyumba

Mnaojenga kwa bloku mshukuruni Mungu. Bloku ukishaipiga plasta basi, haina neno tena, unapaka unachotaka. Sisi huku Iringa na tofali zetu za kuchoma tukajifanya wajanja, tukasema mbele tuziache zionekane, tupige pointingi (kujaza saruji kwenye maungio ya tofali) na vanishi, plasta iende pembeni na nyuma, tutaokoa hela ya rangi. Weee! Tofali ikishabaki nje ndo inakuwa mwenye nyumba, vingine vyote vinaomba ruhusa kwake. Plasta ya pembeni lazima iendane na tofali, fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, iendane na tofali, grili ziendane na tofali. Mi niliyelipa wala siulizwi.

Na yenyewe hata haina rangi moja! Fundi ananiambia "boss chagua rangi itakayokubaliana na tofali", nikamuuliza tofali ipi? Maana tanuru halikuwaka sawa, zilizokaa karibu na moto zimetoka zambarau zinaelekea weusi, za katikati nyekundu safi, za nje zimebaki na uchungwa uchungwa hazijaiva hata vizuri, afu aliyejenga akazichanganya tu jinsi zilivyomjia mkononi. Mvua ikinyesha zote zinageuka damu ya mzee, jua la saa nane zinapauka. Wanasema wekundu wenyewe ni chuma kilichomo kwenye udongo, kikipata moto na hewa kinafanya kama kutu. Kwa hiyo ukweli ni kwamba nimejenga nyumba ya kutu na natembea mjini natafuta rangi ya kumfurahisha kutu.

Ukifika duka la rangi unapewa kadi. Nyeupe tu zimejaza ukurasa mzima na kila moja ina jina lake, nimezitazama mpaka macho yakatoa machozi, zote nyeupe. Kijana wa duka ananionyesha chini ya taa ya tyubu, anasema hii ina ubaridi, hii ina ujoto. Mi naona ukuta wa hospitali.

Na nyeupe nina ugomvi nayo wa kimsingi kabisa. Mi Mwananchi. Baba yangu Yanga, timu ipo toka 1935, sijawahi kuvaa jezi nyingine. Sasa tofali nyekundu, pembeni nyeupe, si nimejenga tawi la Simba hapo? Jirani kaona fundi amejaribisha nyeupe kidogo tu kwenye kona, asubuhi ananisalimia getini "kamwene! naona umehamia Msimbazi". Hajakosea hata, ndo kinachoniuma.

Nikasema basi kijani na njano tumalize ubishi. Mama watoto akaniangalia kwa huruma. Kwanza kijani karibu na nyekundu vinapigana kelele, kila mmoja anamzidisha mwenzie, ukisimama barabarani unaumwa kichwa. Pili watu wataanza kuja kuuliza kadi za chama zimefika au bado. Pinki nayo hapana, jirani na barabara kuu hivi tutagongewa saa sita usiku na watu wawili wanauliza shoti taimu bei gani.

Binti yangu yeye anataka kijivu, ndo ya kisasa baba, nyumba zote za mtandaoni kijivu. Mwanangu, plasta ina rangi gani? Kijivu. Yaani ninunue ndoo ya lita 20, nimlipe na fundi, ili ukuta ufanane na ulivyokuwa kabla hajaja?

Afu kuna shemeji yangu wa Dar, kapanga Tabata, hana hata kiwanja, yeye kwenye simu anasema "pakeni rangi juu ya hizo tofali zote muondokane na hiyo shida". Hapo ndo nilipandisha sauti. Tofali ya kuchoma inakunywa maji, na hayo maji lazima yatoke, ukiiziba na rangi ya mafuta unyevu unabaki ndani unasukuma rangi, inavimba malengelenge, inabanduka vipande, na ile chumvi nyeupe inatokeza. Afu ukishapaka umepaka, rangi imeshaingia kwenye vitundu vyote huitoi tena, utakuwa unairudia rudia mpaka uzeeni. Shemeji kimya, afu akaomba salio.

Tumebaki na krimu. Kila mtu anasema krimu, na kusema kweli fundi ana hoja, nyeupe kali inafanya tofali ionekane chafu, ila krimu yenye unjano kidogo inaituliza. Sawa. Lakini krimu na vumbi la Iringa? Mvua ya kwanza tu matone yanapiga ardhi nyekundu yanarukia ukutani, chini kote madoa. Kwa hiyo fundi anataka mkanda wa kahawia kutoka chini mpaka kama magotini. Hiyo ni ndoo nyingine. Na plasta yenyewe ya kusugua na mbao, inafyonza, kopo linasema lita moja inafunika mita za mraba kadhaa, ukuta wangu haujui kusoma.

Hiyo kahawia sasa, alivyoijaribisha ukutani alipiga brashi mara mbili tu, huku na huku, zikakatana. Jioni narudi nakuta kina mama wamekaa barazani na mke wangu, sura za msiba. Mmoja ananiambia poleni sana, mmepewa muda gani wa kubomoa? Nageuka naangalia, ni X kabisa, kubwa, nyekundu nyekundu, inaangalia barabara. Mzee mmoja hadi kaniuliza kama nimeanza kufuatilia fidia.

Leo fundi kapiga tena, anasema boss na geti je, tulipige rangi gani? Geti lina redioksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, toka siku lililotoka kwa wachomeleaji. Nimelitazama, nimezitazama tofali. Nimemwambia hilo asiliguse.