Muvi za Kikorea: steling akishalipa kisasi ndo balaa linaanza

Kuna lawama naisikia sana kuhusu muvi za kisasi za Kikorea, kwamba wale jamaa wanapenda damu tu, nyundo, mashoka, mtu anakatwa ulimi, na kwamba kijana akiziangalia anajifunza kuwa mtu akikukosea dawa yake ni kummaliza. Nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu na sio hoja ya kupuuza, ntairudia huko chini. Ila kiukweli naona wengi wanaosema hivyo waliondoka katikati, hawakukaa mpaka mwisho. (Kama hujaangalia Oldboy na I Saw the Devil, ishia hapa, maana hizi muvi huwezi kuziongelea bila kusema zinavyoisha.)

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua kisasi kinavyokwenda. Familia ya steling inauawa mapema, anapotea kwenda kufanya mazoezi, anarudi anawapukutisha vijana wa adui mmoja mmoja mpaka anamfikia bosi, bosi anadondoka, muziki, watu mnatoka nje mnasimuliana. Deni limelipwa. Wakorea wao wanaendelea kurekodi pale ambapo wenzao wamezima kamera.

Chukua I Saw the Devil ya mwaka 2010, kaiongoza Kim Jee-woon. Soo-hyun, anayechezwa na Lee Byung-hun, ni mtu wa usalama wa taifa, mchumba wake mjamzito anauawa na jamaa mmoja dereva wa gari la wanafunzi wa tuisheni, Kyung-chul, ambaye ni Choi Min-sik. Sasa Soo-hyun anampata huyu muuaji muvi haijafika hata nusu. Anampata kabisa, amemlaza chini, anaweza kumuua, anaweza kumpeleka polisi, yote yako mkononi mwake. Badala yake anamvunja mkono, anamlazimisha kumeza kidude cha kumfuatilia, anamwachia. Anataka kumkamata na kumwachia, kumkamata na kumwachia, mpaka naye ajue maumivu ni nini.

Hapo ndo mimi hukaa nahesabu, na nimeihesabu mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye hizi muvi. Kuanzia dakika ile anamwachia, kila anayeumizwa na Kyung-chul ameumizwa kwa sababu kuna mtu alitaka kisasi kiwe kirefu zaidi. Nesi wa zahanati ambaye hajui chochote kuhusu ugomvi wao. Baba mkwe, polisi mstaafu, anavamiwa nyumbani kwake. Halafu shemeji mtu, mdogo wa marehemu, ambaye alishampigia simu Soo-hyun akamsihi aache, yule naye anauawa. Yani mzee alishazika binti mmoja, kisasi cha kumlilia yule binti kikamzikisha na wa pili. Na bado mwisho wenyewe, Soo-hyun anamfunga Kyung-chul chini ya kisu kikubwa kilichounganishwa na mlango, na wanaoufungua ule mlango ni wazazi wa Kyung-chul na mtoto wake wa kiume. Mtoto! Kaja kumuona baba yake. Soo-hyun yuko barabarani anatembea na kidude cha kusikilizia sikioni, anasikia kila kitu, na analia kilio ambacho hukisikii kwa mtu aliyeshinda. Muvi inaisha hapo. Sasa nioneshe hapo mtu anafundishwaje kupenda kisasi.

Na huwezi kuzielewa hizi hadithi bila kujua sheria ya kule ilikuwaje. Korea Kusini mpaka 2007 kesi ya mauaji ilikuwa na ukomo wa miaka 15, ikipita hapo muuaji hashtakiwi tena hata akijitangaza, baadaye wakasogeza ikawa 25, ukomo ukafutwa 2015. Mauaji ya Hwaseong, wanawake kumi waliouawa kati ya 1986 na 1991, muda wake uliisha 2006, na aliyewaua akakiri 2019, akiwa tayari gerezani kwa mauaji mengine, na kwa yale ya Hwaseong hakuna wa kumshtaki. Mtu mwingine kabisa alikaa jela miaka 20 kwa mojawapo ya mauaji yale, alisafishwa na mahakama mwaka 2020. Ukiwa mzazi kwenye nchi ambayo machozi yako yana tarehe ya kuisha lakini maumivu hayana, wazo la kujichukulia hatua linaingia tu, hulialiki. Hawa waongozaji wanalichukua wazo hilo kwa heshima, wanakuambia nakuelewa, twende nalo basi tuone linatupeleka wapi.

Oldboy ya Park Chan-wook, 2003, iliyopata tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka uliofuata, watu wanakumbuka nyundo na ile korido ambayo steling, Dae-su, anapigana na kundi zima. Mimi nakumbuka lifti. Woo-jin katumia maisha yake yote na mapesa yake yote kumlipiza Dae-su, kamfungia chumbani miaka 15, kisa umbea ambao Dae-su aliuanzisha wakiwa shule na dada wa Woo-jin akafa. Anafanikiwa asilimia mia, Dae-su anapiga magoti, anabweka kama mbwa, anajikata ulimi mwenyewe. Woo-jin anaingia kwenye lifti na hana tena cha kumuamsha asubuhi, anajipiga risasi humo humo.

Halafu Lady Vengeance, 2005, mwongozaji yule yule. Wazazi wa watoto waliouawa wanakusanywa kwenye shule iliyoachwa, wamevaa makoti ya mvua wasichafuke, wamekaa kwenye benchi wanasubiri zamu ya kumkata muuaji kama watu wa hospitali. Wakimaliza wanapiga picha ya pamoja ili asije mmoja akawasaliti wenzake. Baadaye wanakula keki, na mmoja anauliza kuhusu zile hela walizomlipa mtekaji, wanaanza kuandika namba za akaunti zao. Hakuna mtoto aliyerudi, kuna namba za akaunti mezani.

Sasa upande wa pili, na hapa siwezi kuruka. Ni kweli kwamba muvi ya saa mbili na zaidi ikikupa raha ya kupiga na kukata halafu ikakuonya dakika tano za mwisho, kuna watakaobeba raha wakaliacha onyo. Hata bodi ya filamu ya kule iliizuia I Saw the Devil mpaka ikapunguzwa vipande. Na kuna lingine linaniuma zaidi: wanawake. Kwenye hizi muvi mwanamke mara nyingi anakufa mapema ili mwanaume apate sababu, hatumjui, hatujui alipenda nini, na kamera inakaa juu ya maumivu yake muda mrefu kuliko inavyohitaji. Hiyo siitetei.

Ila hata hapo kuna waliojibu kutoka ndani. Bedevilled, 2010 hiyo hiyo. Bok-nam anateswa kisiwani na mume, shemeji na vibibi vya kijiji vinavyoona kila kitu vikanyamaza. Anamwandikia barua rafiki yake wa utotoni aliyeko Seoul, Hae-won, na Hae-won hazijali. Siku Bok-nam anachukua mundu unajua kabisa milango yote iligongwa kwanza. Na huyo Hae-won, mwanzoni mwa muvi polisi walimwita awatambue wanaume waliompiga mwanamke mtaani, alikuwa shahidi, akakataa kusema. Mwisho, baada ya kisiwa kizima kuisha, anarudi kituoni mwenyewe na kuwanyooshea kidole.