Capone aliangushwa na daftari
Jamani hii makala inayotuambia tujifunze biashara kwa magenge ya uhalifu, eti nidhamu, uaminifu, kumjua mteja, mi naona imeruka somo kubwa kuliko yote, hesabu. Al Capone, bosi wa genge lililouza pombe ya magendo, alitamba Chicago enzi pombe imepigwa marufuku Marekani, watu wanauawa na kesi hazisimami, lakini 1931 akahukumiwa miaka 11 kwa kukwepa kodi tu! Na kilichommaliza ni daftari la mapato ya kamari, lilikamatwa kwenye msako wa 1926 likakaa kabatini miaka, mpaka mpelelezi wa kodi alipolifungua akafuatilia mwandiko hadi kwa mhasibu aliyeandika, jamaa akaenda mahakamani akamwaga kila kitu. Sasa huo uaminifu mnaousifia uko wapi? Ule ni woga, na mtu anayekutumikia kwa woga siku akipata ulinzi anakuanika. Halafu 1933 marufuku ikaondolewa, pombe ikarudi madukani kihalali, magenge yakapoteza faida ya magendo. Tena mwenye biashara halali akidhulumiwa anaenda kushtaki, hawa wa magenge wakidhulumiana wanamalizana kwa bunduki, na hiyo gharama mwandishi hajaigusa kabisa.