Saa 48 za Kampala: riwaya ya upelelezi ifuate sheria hadi wapi?

Waandishi wa riwaya za upelelezi huachana njia pale mshukiwa anapotiwa pingu. Wapo wanaotaka kila hatua iandikwe kama inavyofanyika kituoni: maelezo, vielelezo, vyeo, tarehe. Wengine husema msomaji hakununua kitabu ili asome jalada la polisi. Mpe mwendo, sheria itajijua yenyewe. Kwa riwaya inayotokea Uganda naegemea upande wa kwanza, ingawa si kwa sababu wanayoitoa wao, yaani uaminifu kwa ukweli. Sheria ya nchi hii inambana mpelelezi kuliko adui yeyote utakayembuni.

Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1995 inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 48 kupita. Mkamate mtu wako Ijumaa saa kumi na moja jioni: muda unakwisha Jumapili jioni, na mahakama zimefungwa. Simu ya marehemu bado haijafunguliwa, ripoti ya mochari ya Mulago haijaandikwa, na wakili yuko kaunta anauliza saa ya kukamatwa iliyoandikwa kitabuni. Hizo ni sura tano au sita tayari, bila bomu. Andika pia saa pembeni mwa kila tukio kwenye muswada wako. Kosa linalojirudia ni mpelelezi kuhoji mashahidi wanne, kwenda Jinja na kurudi, na bado ni asubuhi ileile.

Utajiri zaidi uko kwenye kukiri kosa. Sinema zimetuzoesha mshukiwa abanwe, alie, aseme yote, kesi iishe. Lakini Sheria ya Ushahidi ya Uganda haipokei maungamo ya mtu aliye mikononi mwa polisi ila yawe yametolewa mbele ya hakimu, au mbele ya polisi mwenye cheo cha mkaguzi msaidizi na kuendelea. Shujaa wako akiwa sajenti (na masajenti ndio wanaopendeza kwenye riwaya) anaweza kuambiwa ukweli wote saa nane usiku na usimfae kitu. Itabidi amwamshe mkubwa wake, pengine yuleyule anayemshuku. Njia ya pembeni ipo: mshukiwa akisema panga limefukiwa wapi na likapatikana hapo, maneno yanayohusu panga hilo yanaweza kupokelewa. Basi sajenti ana hadi alfajiri kulitafuta, na koleo ni moja.

Lile kofi la shujaa, ambalo wasomaji hulishangilia, nalo lina bei. Chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019, mateso yakithibitika yanaweza kumwachia huru mshtakiwa, hata kama kweli aliua. Kofi la sura ya 9 lirudi kudai deni lake sura ya 20.

Wapenda mwendo wana hoja pia, na moja ni nzito. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu. Hakimu wa chini humsomea mtuhumiwa shtaka bila hata kupokea jibu lake, kisha rumande. Haki ya dhamana inakuja baada ya siku 180 kama kesi bado haijapelekwa juu. Siku 180 hazina taharuki. Ziruke kwa sentensi moja: “Mvua za Machi zilimkuta bado gereza la Luzira.” Vipimo vya maabara ya Wandegeya navyo visubiriwe nje ya ukurasa.

Hoja yao ya pili ni kwamba saa 48 huvunjwa mara nyingi, na msomaji wa Kampala anajua. Nakubali nusu. Avunje mtu mwenye jina na sababu, na aogope kitu. Hilo ni tofauti na mwandishi kuvunja kwa kutojua, kama anayeweka juri la watu 12 Mahakama Kuu, wakati Uganda ina washauri wa mahakama tu, na jaji hafungwi na maoni yao.

Lugha hukosewa na pande zote mbili. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini wapo wengi Kampala wanaokisikia bado kama lugha ya askari, tangu enzi za Amin. Ukiandika riwaya nzima kwa Kiswahili, tofauti kati yake na Kiganda inapotea usipoitaja. Mwonyeshe konstebo akimbembeleza muuza ndizi kwa Kiganda, msomaji akijua hivyo kwa nusu sentensi, halafu aache Kiganda na kusema tu, “Toa kitambulisho.” Muuza ndizi ataelewa kabla ya msomaji kwamba mazungumzo yamekwisha.