Diski ya Kabatini au Hifadhi ya Mtandaoni: Hesabu ya Mwenye Kompyuta wa Mtwara

Wanaoshauri kuhusu utunzaji wa nakala za akiba siku hizi hukata shauri haraka: weka kila kitu mtandaoni. Ushauri huo una mashiko, lakini unamfaa zaidi mtu asiyenunua intaneti kwa bando. Mkazi wa Shangani au Mikindani ambaye kompyuta yake imebeba picha za harusi za ukoo, mitihani aliyotunga na hesabu za korosho za misimu kadhaa, anapaswa kulipima jambo hili kwa mizani yake mwenyewe.

Upande wa mtandaoni una hoja nzito. Diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya, ikilala droo moja na kompyuta huibwa pamoja nayo na huungua pamoja nayo. Pwani yetu ina adui mwingine, nao ni hewa ya chumvi. Chukua waya wa diski uliokaa muda mrefu katika nyumba iliyo karibu na bahari, uutazame mdomo wake kwenye mwanga: si ajabu kukuta bati limefifia na vidoa vya kijani vimeota penye shaba. Ukiongeza kwamba diski yenye sahani zinazozunguka inaweza kufa kwa kuanguka mara moja kutoka mezani, utaelewa kwa nini wengine hawataki hata kuisikia. Flashi sizijadili; ni chombo cha kubebea mafaili, si cha kuyatunzia.

Hata hivyo, tupige hesabu. Google hutoa GB 15 za bure, ambazo barua pepe, picha na mafaili hugawana. Microsoft hutoa GB 5. Mwenye GB 100 atalazimika kulipia nafasi, kisha azipakie. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua zaidi ya saa 111, yaani zaidi ya siku nne na nusu bila umeme wala mtandao kukatika, na bando likiliwa muda wote huo. Siku kompyuta ikifa, safari ya kuzirudisha nayo inahitaji bando lake. Fimbo ya mbali haiui nyoka: tarehe 12 Mei 2024, hitilafu kwenye mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti nchini. Haki itendeke, data ya mtu haikupotea kwa hitilafu ile, ilichelewa tu kufikika. Isitoshe, siku chache kabla yake, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa, kwa hiyo aliyekuwa ameiacha diski yake kwa ndugu Dar naye asingeipata upesi.

Kinachonitia shaka zaidi ni imani kwamba folda inayojioanisha na mtandao ni akiba tosha. Folda hiyo huiga kila unalofanya: ukifuta faili kwenye kompyuta, linafutika na kule, na katika Google Drive hukaa kwenye pipa la taka siku 30 tu. Diski nayo ina udhaifu unaofanana na huo ikiachwa imechomekwa daima, kwani programu haribifu kama WannaCry, iliyozuka Mei 2017, ilifunga hata mafaili ya diski zilizounganishwa na kompyuta.

Kwa hiyo mimi naegemea diski, ila ziwe mbili, moja nyumbani na nyingine kwa ndugu wa Masasi au Newala, mbali na chumvi, zikibadilishana zamu kila unapokwenda huko kwa sikukuu au msimu wa korosho. Mtandaoni zipelekwe nyaraka nyepesi zisizopatikana tena, kama vyeti, hati ya kiwanja na hesabu, na akaunti ifunguliwe mara kwa mara, kwa kuwa Google inaweza kuifuta iliyokaa miaka miwili bila kutumika. Diski inayolala kwa watu ifungwe kwa neno la siri ambalo mwenzako wa nyumbani pia analijua. Nawe kabla hujaiacha Masasi, fungua mafaili kadhaa, hasa video ndefu, uzitazame hadi mwisho. Diski iliyoanza kuchoka inaweza kuonyesha majina yote ya mafaili bila taabu huku yaliyomo hayafunguki.