Bwana mdogo wangu kajipandisha cheo

Jamani mtoto wa dada yangu namwita bwana mdogo tangu anatambaa, ile bwana mdogo ya kawaida tu, bwana mdogo kaniletee vocha, bwana mdogo nani kala nyama yangu. Likizo hii ya Desemba kaja kutoka Morogoro, kamaliza mitihani ya kidato cha pili, asubuhi ya kwanza nikamwita bwana mdogo akainamisha kichwa kidogo kama balozi anapokea maua akasema "naam anko, hivyo hivyo." Nikajua adabu imemwingia, nikampigia mpaka dada kumshukuru. Kumbe mwenzangu kuna hadithi za Kijapani anasoma kwenye simu na katuni zake anaangalia, humo kuna kijana wa ukoo wa kitukufu anasoma chuo cha uchawi, na watumishi wote wanamwita bwana mdogo. Yani mimi namtuma vocha yeye anasikia mtumishi anaomba ruhusa ya kuongea.

Mke wangu akamwambia aoshe vyombo, dogo kaangalia kushoto, kaangalia kulia, kauliza "kwani hamna mtu?" Hamna mtu! Chumba na sebule Mbagala, tukilala wanne mtu wa tano anakunja miguu, yeye anatafuta mtu. Mke wangu hakujibu, alimpa tu steliwaya.

Jioni nikamkalisha nimhoji. Huyo kijana wako baba yake anafanya nini? "Ni Diuki." Sasa mimi nauza hadwea, sikio langu limezoea mambo yangu, nikasikia duka. Nikauliza duka la nini, vyakula au vifaa vya ujenzi? Akasema sio duka anko, DIUKI, ni cheo, chini yake kuna makwisi, halafu kaunti... nikamkatiza, kaunti nazijua, ziko 47 pale Kenya. Dogo alishika kichwa kwa mikono miwili, akaniangalia kwa huruma ambayo sijawahi kuangaliwa hata na daktari.

Ikaniuma, kesho yake dukani wateja hamna nikaingia Google. Kumbe Japani vyeo hivyo walikuwa navyo kweli, vitano kwa mpangilio, wakaviwekea sheria mwaka 1884, wenyewe wakavaa masuti ya Kizungu wakajiona, halafu 1947 ikaja katiba mpya baada ya vita ikafuta vyote. Na majina wanayotumia kwenye hizo hadithi ni yale yale. Kwa hiyo Wajapani wamefuta 1947, dogo kavirudisha Mbagala kwa bando langu.

Maana bando ni langu hilo nisisahau kusema. Hizi hadithi haziishi! Kuna tovuti huko kwao iko tangu 2004, mtu yeyote anajiandikia tu, dereva, mwanafunzi, mtu kaachishwa kazi, leo sura moja kesho sura moja, zikipendwa zinafanywa kitabu, kikipendwa kinafanywa katuni, na majina yake marefu kama tangazo la msiba kwenye redio, "Mimi Mtoto wa Tatu wa Diuki Niliyefukuzwa kwa Kukosa Kipaji Sasa Nalima Nyanya na Joka", hiyo nimetunga mimi lakini mnipe wiki mbili mtaikuta. Dogo anazisoma zilizotafsiriwa na mashine kwenda Kiingereza, mtumishi mmoja sura ya kwanza mwanaume, sura ya pili mwanamke, ya tatu mwanaume tena, maana Kijapani mara nyingi kinamruka huyo he na she wao na mashine inabaki kubahatisha. Nikamwambia wangetafsiri Kiswahili yasingewakuta hayo, sisi wote ni yeye, mtumishi yeye, joka yeye, bosi wangu yeye. Hapo kwa mara ya kwanza dogo alinikubali.

Na hivi wanaingiaje huko? Kumbe bwana mdogo wa kwenye hadithi mara nyingi alikuwa mtu wa kawaida tu Japani, mfanyakazi wa ofisini kachoka kama mimi, anavuka barabara, anagongwa na lori, akifumbua macho yuko kwenye kitanda cha hariri ana miaka mitano na baba yake Diuki. Lori lenyewe la Kijapani yani fuso. Nikamwambia dogo nisikilize vizuri, mafuso ya Kijapani hakuna barabara yanakopita kama hii ya kwetu, na sijasikia hata mmoja kaamkia kwenye hariri, huku unaamkia wodini ndugu zako wanahangaika na PF3. Vuka kwenye zebra. Akasema najua anko, ni hadithi. Sasa kama unajua ni hadithi vyombo vinakushinda nini?

Halafu hicho chuo chenyewe ndo kinaniuma kuliko vyote. Siku ya kuripoti wanawekewa jiwe la kioo, unashika, linapima mana. Mana nimeielewa haraka, ni kama luku, kuna mtu kazaliwa na uniti elfu kumi kuna mtu kazaliwa na kumi na mbili, ukirusha moto zinapungua, zikiisha unazima. Basi bwana mdogo akishika jiwe ama linasoma sifuri wote wanacheka, ama linapasuka wote wanakaa kimya, hakuna siku jiwe limesoma wastani. Mimi ningesoma wastani. Wakisoma sifuri wanampeleka darasa la mwisho kabisa kumkomoa, na huko kwenye kukomolewa ana chumba chake peke yake, kabati, kitanda cha watu wawili, na binti wa kumletea chai, halafu anakaa dirishani ANASIKITIKA. Bwana wee! Mimi nimesoma bweni. Fomu ya kujiunga iliandikwa jembe, fagio la chelewa, ndoo mbili zenye mfuniko, rimu ya karatasi, godoro futi mbili na nusu. Hakuna aliyenipima mana, walipima godoro. Ndoo moja iliibiwa usiku wa kwanza, maharage yalikuwa na wadudu tukawa tunazima taa tusiwaone. Ningepewa hilo darasa la mwisho ningeomba nirudie mwaka.

Sasa haya yote yangebaki ndani kwetu kama sio hilo neno. Nimetafuta Kiswahili chake nimechoka. Mtu anayesoma kurusha moto kwa maneno utamwita nani? Mganga sio, mganga anatibu. Mtu wa mazingaombwe ni yule wa kutoa njiwa kwenye kofia. Linabaki mchawi, na mchawi kwetu sio mtu wa kuvaa sare na kupewa cheti. Huko kwao mfalme anakitolea chuo ruzuku, huku kuna Sheria ya Uchawi tangu 1928 aliyotuachia Mwingereza, hata kujidai tu kwamba una huo uwezo ni kosa. Dogo anasema sema "meji" anko. Haya, nenda kamwambie mama mwenye nyumba kwamba wewe ni meji.

Maana ndo alikokuja kusikia. Saa sita usiku, umeme umekatika, mimi nimelala, dogo yuko uani kajifunga kitenge cha mke wangu mabegani, mkononi mwiko wa ugali, anasema kwa sauti nzito ambayo sijui kaitoa wapi, "moto wa shimo la saba, itika wito wangu!" Na umeme ukarudi hapo hapo. Sio dakika mbili baadaye, HAPO HAPO, taa ya uani ikamwakia usoni, na mama mwenye nyumba kasimama mlango wa choo na kopo lake la maji mkononi.

Asubuhi kaniita. Kasimama mbali, hatua kama sita. "Baba Nasra, huyo mtoto anasoma nini?" Shikamoo mama, nikaanza kujieleza, na mimi nikiwa na wasiwasi maneno yananitoka yenyewe, nikasema mama usiogope, ni hadithi tu, ni mtoto wa mtu mkubwa anasoma chuo cha uchawi. Nilisikia mwenyewe ninavyosema. Nikajaribu kurekebisha, nikasema sio uchawi huu wa kwetu mama, huu ni wa mbali zaidi. Wakati huo huo dogo anapita na ndoo, kainamisha kichwa ile ya kibalozi yake, "shikamoo bibi". Bibi akaitikia marahaba huku anarudi nyuma, kandambili moja akaiacha.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike. Nadaiwa kodi ya miezi mitatu. Huyu mama kila asubuhi alikuwa anagonga mlango wangu kwa pete, kwa pete kabisa ili wapangaji wote wasikie. Leo siku ya tisa hajagonga. Juzi katuma meseji, "habari za asubuhi mwanangu, ile kodi usijisumbue, ukijaliwa, msalimie na mgeni wako." Mke wangu anasema niende nikamwambie ukweli. Nitaenda, sijakataa. Ila dada kapiga simu anataka mtoto wake arudi Jumamosi, nikamwambia muache kidogo anajifunza kuosha vyombo, na jana nikitoka kazini nimepitia bando la wiki, na mwiko ule nimempa uwe wake, tumenunua mwingine.